Maji Maji: mashujaa tunaowakumbuka kwa jumla

Kila ifikapo Julai 25 mambo huenda vilevile. Rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa wazee waliopigana vita anaweka shoka. Viongozi wa dini wanaomba, kila mmoja kwa imani yake, gwaride linatoka uwanjani, watu wanarudi makwao. Kwa miaka mingi shughuli hii ilikuwa ya Mnazi Mmoja, hapa Dar es Salaam. Siku hizi Dodoma nayo inapata zamu. Ni shughuli fupi, yenye heshima, na sina ugomvi nayo. Ila ukiifuatilia mwanzo hadi mwisho hutasikia likitajwa jina hata moja la mtu wa kawaida aliyekufa vitani.

Wapo wanaoona hilo ni pengo. Wanataka Dar es Salaam iwe na ukuta wa majina, na wangependa kazi ianzie kwa watu wa Maji Maji, 1905 hadi 1907, kwa sababu ndivyo vita vikubwa kuliko vyote ambavyo watu wa nchi hii walipigana ili wasitawaliwe na Wajerumani. Uhuru wa 1961 haukuja kwa bunduki. Kwa hiyo ukimtafuta kwetu mpiganaji wa kawaida wa vita vya ukombozi juu ya ardhi yetu wenyewe, utalazimika kurudi nyuma zaidi ya nusu karne kabla bendera haijapandishwa, kwa mkulima wa kusini mwenye gobori na kibuyu cha maji ya dawa.

Wapo wanaojibu kwamba shujaa akishakufa kwa ajili ya nchi ni wa nchi nzima. Ukianza kumtaja Fulani bin Fulani, wanasema, umemrudisha kwenye ukoo na kabila lake, na ukoo wa jirani utauliza wa kwake yuko wapi. Hoja hiyo ina watu wazito nyuma yake na nitaifikia. Kinachonisukuma kuandika ni jinsi wale wa kwanza wanavyojibiwa: eti wanatafuta fidia, eti ni ukabila wa chini chini, eti ni wasomi waliokosa kazi. Sidhani kama wamesikilizwa.

Tuanze na hesabu. Vita vilipoisha, serikali ya Kijerumani, iliyokuwa na makao yake hapa hapa Dar es Salaam chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, ilijua imepoteza watu wangapi. Wazungu 15. Askari weusi 73. Wasaidizi wao, rugaruga, 316. Hesabu ya mtu mmoja mmoja. Kwa upande wa pili Wajerumani walikisia waliokufa kuwa 75,000. Gilbert Gwassa, mwanahistoria aliyetumia miaka mingi kuitafiti Maji Maji, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, karibu theluthi ya watu wote wa maeneo yaliyopigana.

Tumezoea kuzitaja namba hizi pamoja, "kati ya 75,000 na 300,000", kama mtu anayetaja bei ya nyanya wakati wa masika na wakati wa kiangazi, halafu tunaendelea na mengine. Hebu tusimame kidogo. Toa ya chini kwenye ya juu, unabaki na watu 225,000. Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa mji wa watu wapatao 20,000 na ushei. Maana yake ni kwamba watu ambao hatujui kama tuwahesabu au tusiwahesabu wanatosha kuujaza mji ule mara kumi, na bado wengine wakabaki nje. Upande mmoja wanajua kwamba waliokufa ni 73 na si 74. Upande wa pili, mtu akiongeza laki moja au akiipunguza hakuna wa kumbishia.

Sababu ya tofauti hiyo haina muujiza. Askari wa kulipwa alikuwa kwenye daftari la mishahara, na akifa lazima afutwe ili hela zisiendelee kutoka. Mtu wa Umatumbi, kule Kilwa, aliyeingia vitani na gobori la baba yake hakuwa kwenye daftari la mtu yeyote, isipokuwa labda la kodi ya kibanda. Na kifo chake hakikuwa na gharama kwa serikali, kwa hiyo hapakuwa na karani wa kukiandika.

Halafu wengi wao hawakufa kwa risasi. Jeshi lilichoma mashamba na maghala ya chakula kwa makusudi. Kapteni Wangenheim alikwisha kumshauri gavana kwamba mapigano peke yake hayatawamaliza watu hawa, kitakachowamaliza ni njaa, na ushauri wake ukafuatwa. Hapa ndipo hata watetezi wa ukuta wa majina wanapokwaruzana wenyewe kwa wenyewe. Aliyezikimbilia bunduki za mashine kwenye boma la Mahenge, Agosti 30, 1905, akiamini risasi zitageuka maji, huyo hana utata, ni mpiganaji. Je, mkewe aliyekufa mwaka uliofuata porini akichimba ming'oko, mizizi ya kula? Pengine ndiye aliyepika, akabeba mizigo, akaficha baruti chini ya mahindi. Ukimwacha nje unamfuata Mjerumani aliyehesabu wenye silaha tu. Ukimwingiza, neno mpiganaji linapanuka mpaka linakuwa kila mtu, na tumerudi kwenye kukumbuka kwa jumla. Sina jibu lililonyooka. Naelekea kwa wanaosema aingizwe, kwa sababu vita vile vilipiganwa dhidi yake pia na aliyeamuru ghala lake lichomwe alilijua hilo.

Hoja ya kwanza ya wanaopinga ni ya kiutendaji: majina yatatoka wapi? Yaliyoandikwa wakati ule yaliandikwa na adui, na yaliyosimuliwa na wazee yalisimuliwa miaka sitini baadaye. Ni hoja ya haki. Lakini wengi wanaoitoa huongea kama vile hakuna lolote, na hilo si kweli.

Chukua Nandete, kwenye milima ya Umatumbi, wilayani Kilwa. Mwishoni mwa Julai 1905 watu walipanda kwenye shamba la pamba la serikali wakang'oa miche. Pamba ile ililimwa kwa zamu na kwa viboko. Kwenye wilaya ya Dar es Salaam yenyewe, mavuno ya msimu wa 1902 na 1903 yalipogawanywa, fungu la mlimaji mmoja lilikuwa senti 35, na watu wakakataa hata kuzipokea. Kung'oa miche kulikuwa tangazo la vita. Kila mwanafunzi wa sekondari ameambiwa kwamba "watu wa Nandete waling'oa pamba". Wachache wameambiwa kwamba wazee wa Umatumbi, walipoulizwa, waliwataja waliotangulia kung'oa: Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Hawakuwa watawala wala waganga wenye sifa ya Kinjikitile Ngwale, ambaye Wajerumani walimnyonga Mohoro mapema Agosti mwaka ule. Walikuwa watu wa shambani. Majina yao yalivuka miaka sitini midomoni mwa watu bila karatasi, na sisi wenye karatasi ndio tulioshindwa kuyavusha mpaka kwenye mnara wowote wa Dar es Salaam.

Na hayo hayakuwa bahati. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu, wakati ule kikiwa bado Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, walipangwa na idara yao ya historia, chini ya Gwassa na John Iliffe, kwenda kukusanya masimulizi ya Maji Maji kusini kote, wengi wao kwenye maeneo ya kwao. Walikaa na wazee waliokuwa vijana au watoto wakati wa vita. Wazee walisimulia nani alikuwa akida, nani alichapwa kwenye shamba la Samanga, hongo, yaani mjumbe, aliyeleta maji ya dawa alitoka wapi, nani alirudi na nani hakurudi. Kazi ile ipo. Ina majina ya waliosimulia na majina ya waliosimuliwa. Ni nusu karne na zaidi sasa imekaa chuoni Mlimani, na kutoka Mlimani hadi Mnazi Mmoja ni daladala moja tu siku isiyo na foleni.

Sisemi masimulizi yale ni msahafu. Mzee anachanganya, anamkuza babu yake, anamfuta mtu waliyegombana naye. Mwanahistoria anajua namna ya kupima hayo, na asipoweza kupima anaandika kwamba hakuweza. Ila huwezi kukaa juu ya majalada ya majina kisha ukasema majina hayapo.

Niliwahi kukaa na mzee mmoja wa Kilwa anayeishi Mbagala, karibu na Rangi Tatu, huku mabasi ya kusini yakipita. Nilimwamkia, nikamwambia nilichokuja nacho. Alinyamaza kwanza, akamwita mjukuu wake alete kiti kingine. Kisha akaanza: babu yake, kaka yake babu yake, shemeji yao, na mtani wao aliyekuwa fundi wa kutengeneza magobori. Kila jina aliliweka mahali pake, huyu kafia njiani kuelekea Liwale, huyu hakuonekana tena, huyu karudi akiwa haongei. Nilipotoa daftari akanizuia kwa mkono.

"Mwanangu, ukiyaandika utayapeleka wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hapo nilipo sina pa kuyapeleka. Akacheka. "Basi yaache humu," akasema, akigusa kifua. "Humu yanajulikana yalipo." Daftari nililirudisha mfukoni na majina hayo sitayaandika hapa. Ila sijaona mtu aliyeueleza upungufu wa mji huu kwa maneno machache kuliko yeye.

Hoja ya pili ya wanaopinga ndiyo inayonishughulisha zaidi, kwa sababu huwa inatolewa kwa sauti ya hekima: kwamba kukumbuka kwa jumla ndiyo desturi yetu Waafrika. Sisi, wanasema, hatuna ubinafsi wa Mzungu wa kuchonga jina la kila mtu kwenye jiwe.

Desturi ya nani? Kwenye tambiko, mzee anayemwaga pombe au unga hasemi "enyi wahenga kwa ujumla wenu". Anaita majina, moja baada ya jingine, na akisahau moja watu wanaona mambo yameharibika. Kwenye hitima anatajwa marehemu na baba yake. Kanisani mwezi Novemba watu wanapanga foleni na bahasha zenye majina ya marehemu wao, na padri asipoyasoma yote atasikia maneno nje ya lango. Hata mwenyekiti wa mtaa akitangaza msiba kwa kipaza sauti anataja jina, mtaa na nyumba. Sijui ni wapi katika nchi hii watu huwazika wapendwa wao kwa jumla.

Tulikojifunza kukumbuka kwa jumla ni kwingine, na ushahidi wake umesimama pale Posta, kwenye makutano ya Samora na Azikiwe. Sanamu ya Askari iliwekwa na Waingereza mwaka 1927, pamoja na nyingine za Nairobi na Mombasa. Tunaipita kila siku: askari wa shaba, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Maandishi yake, kwa Kiingereza na Kiswahili, Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu, yanawakumbuka askari wenyeji na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Yanamwahidi mpiganaji kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Zunguka sanamu nzima ulitafute hilo jina. Halipo.

Halikusahauliwa kwa bahati mbaya. Baada ya vita vile ulikuwapo uamuzi: Mzungu apate kaburi lake na jina lake, Mwafrika apate sanamu ya jumla. Horace Byatt, gavana wa kwanza wa Tanganyika chini ya Waingereza, alikuwa na maoni kwamba makaburi makubwa ya wapagazi yaliyokuwa Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo, na hakupenda kabisa kutazama takwimu za Waafrika waliokufa wakibeba mizigo ya jeshi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri hayo na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Hata kabla ya Waingereza hali ilikuwa hiyohiyo. Mji huu ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana na mkuu wa jeshi la Kijerumani, ambayo Waingereza waliing'oa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Wissmann alisimama juu, na jina lake. Chini yake, miguuni, alichongwa askari mweusi akishusha bendera juu ya simba aliyekufa. Askari hakuwa na jina. Sanamu ikaishia Hamburg, wanafunzi wa huko wakaiangusha miaka ya 1960.

Ukiyapanga haya kwa mfuatano, Mjerumani aliweka mweusi asiye na jina miguuni, Mwingereza akampandisha juu lakini bado bila jina, nasi tulipopata nchi tukaupa mtaa jina la Samora Machel, kiongozi, na askari tukamwacha alivyo. Mitaa yetu inajua viongozi: Samora, Sokoine, Nkrumah, Lumumba, Mandela, Nujoma. Ni sawa kabisa. Lakini mtu akiniambia kwamba kutowataja wa chini ni utamaduni wetu, namwomba aeleze kwa nini utamaduni huo unafanana sana na mafaili ya Gavana Byatt.

Sasa hoja ya umoja, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito. Maji Maji haikuwa Waafrika upande huu na Wazungu upande ule. Ukihesabu waliokufa upande wa Wajerumani, karibu wote walikuwa weusi. Kulikuwa na askari kutoka Sudan na Msumbiji, Wamanyema, Wanyamwezi, Wasukuma. Wahehe, ambao miaka michache tu nyuma walikuwa wamepigana na Mjerumani chini ya Mkwawa, safari hii walimsaidia. Mtemi Kiwanga wa Wabena wa bonde la Kilombero alipigana upande wa Wajerumani na akafa upande huo. Katika mtaa mmoja wa Temeke au Magomeni utakuta vitukuu vya wote hao wanakopeshana chumvi bila habari. Wenye hoja hii wanauliza: mna haja gani ya kuwapa habari? Nchi hii imekaa bila vita vya kikabila kwa sababu, pamoja na mengine, tulichagua baadhi ya mambo tusiyachimbue sana. Nyerere alipoitaja Maji Maji mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956 aliitaja kama vita vya watu waliokataa kutawaliwa. Hakugawa kabila hili na kabila lile. TANU iliihitaji Maji Maji iwe ya wote, na ikawa ya wote.

Naiheshimu hoja hii. Nadhani hata iliokoa kitu katika miaka ile ambapo nchi ilikuwa changa na majeraha bado yana wenyewe. Ila inapotumika leo ina tatizo ambalo wenyewe hawalioni: ukumbusho usio na majina haubaki mtupu. Hujazwa na majina ya wakubwa, na wakubwa ndio wenye makabila yanayojulikana. Muulize mtu yeyote wa Dar es Salaam akutajie mashujaa wa Maji Maji. Atakwambia Kinjikitile, atakwambia Songea Mbano, akijitahidi sana atakwambia Chabruma au Abdalla Mapanda. Matokeo yake vita vimekuwa vya Wangoni kwenye vichwa vya wengi, wakati vilianzia Umatumbi, vikaenda kwa Wangindo, Wapogoro, Wambunga, na vilimfikia Mngoni vikiwa na zaidi ya mwezi. Orodha ya watu wa kawaida ingeyatawanya hayo. Majina ya Kingindo, ya Kimatumbi, ya Kimwera, ya Kipogoro, ya Kiislamu na ya jadi, yangekaa ukuta mmoja bila kabila kuandikwa popote.

Songea wenyewe wametuonyesha kwamba inawezekana. Februari 27 kila mwaka, kwenye Makumbusho ya Maji Maji, wanakumbukwa walionyongwa mwaka 1906. Wanahesabiwa 67. Sitini na sita walizikwa kaburi moja; Nduna (kiongozi wa Wangoni) Songea Mbano alizikwa peke yake, na inaaminika kichwa chake kilichukuliwa kupelekwa Ujerumani. Kati yao alikuwamo mwanamke mmoja, Nduna Mkomanile. Wanajulikana kwa sababu ya kusikitisha: waliohukumiwa na dola huandikwa, na wamisionari waliobatiza baadhi yao kabla ya kitanzi nao waliandika. Lakini wanajulikana, na sijasikia kwamba mkoa wa Ruvuma umegawanyika kwa ajili ya hilo. Rais Steinmeier wa Ujerumani alipokwenda Songea Novemba 2023 kuomba radhi, alikutana na familia ya Songea Mbano. Wa Nandete, wa Liwale na wa Mahenge radhi yao ilipitia redioni.

Kuhusu fidia nitasema kidogo tu. Kenya, mwaka 2013, Waingereza walikubali kuwalipa wazee 5,228 waliodai kwa mateso ya wakati wa Mau Mau, na mnara ukajengwa Uhuru Park. Wale walikuwa hai, na baadhi yao walisimama mahakamani. Wa Maji Maji hakuna aliye hai. Anayeogopa kwamba ukuta wa majina utaleta foleni ya madai anaogopa foleni ya vitukuu ambao mpaka leo wengi hawajui hata babu yao alifia wapi. Na kama wakijua na wakadai, watamdai Berlin.

Ukitaka kujua kwamba serikali yetu inaweza kazi hii, nenda Kaboya, Muleba, walikolazwa askari zaidi ya 600 wa vita vya Kagera. Pale jeshi letu, JWTZ, halikuwakumbuka watu wake kwa jumla. Kila mmoja ana kaburi lake.

Kwa hiyo mimi niko na wenye ukuta, kwa masharti. Ukisubiri orodha kamili hautajengwa, kwa sababu orodha kamili haipo. Uanze na walionyongwa Songea, walioandikwa Mlimani, na wale ambao wazee wa Mbagala, Kilwa na Liwale wako tayari kuwataja. Uachwe wazi uendelee kujazwa, na palipo na shaka iandikwe kuwa kuna shaka. Wanawake wa njaa wasiwekwe pembeni. Julai 25 yasomwe machache, hata majina 67 tu. Hayazidi dakika kumi, na hotuba zetu tunazijua urefu wake.

Linabaki moja ambalo wenzangu wengi wa upande huu hawalipendi. Ukuta ukisimama, siku moja atakuja mtu kutoka Iringa au Ifakara na jina la babu wa babu yake, na akiulizwa alipigana wapi atasema alikuwa rugaruga. Yumo kwenye wale 316. Mjerumani alimhesabu lakini mnara hakumpa. Mimi ningemwandika, kwenye sehemu yake, na pembeni niseme alimpigania nani. Kila nikilisema hili kwenye mazungumzo yetu, watu watatu wanaongea kwa pamoja, na hatujawahi kulimaliza.